Mia au Zoe, miwani au benchi: kabla hujalipia mwisho wa Resident Evil 7

Onyo kwanza: humu namwaga stori yote mpaka mwisho wake. Ambaye hajaicheza na anataka kushtuka mwenyewe aishie hapa, akamalize, kisha arudi tubishane.

Nina kibanda cha gemu Nyakato, hapa Mwanza. PS4 mbili, TV mbili, benchi la mbao la watu sita ambalo hukaliwa na tisa, na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Tulipoongeza miwani ya VR, inayokufanya uone uko ndani ya gemu, ile ya kwanza ya PlayStation iliyoingia sokoni Oktoba 2016, watu walikuja kushangaa tu: dakika kumi, picha ya kumrushia shemeji, wanaondoka. Kilichowarudisha kila jioni ni Resident Evil 7, gemu ya kutisha. Ilitoka Januari 2017, na niliichagua kwa sababu inachezeka yote ndani ya miwani, tangu unaposhuka kwenye gari mpaka majina yanapopanda. Gemu nyingi za VR za miaka ile zilikuwa vionjo vya nusu saa. Hii inakula saa 9 hadi 10 za mchezaji wa kawaida. Kwetu ilikwenda wiki mbili na ushee, usiku kwa usiku, mmoja amevaa na wengine wote benchini wanafuatilia kwenye TV kama tamthilia.

Tumeimaliza mara mbili, na mara ya kwanza watu walitoka hawasemeshani. Tangu hapo kila mteja mpya ananiuliza maswali yale yale: nivae au nikae benchini? Nikifika pale mwisho nimpe nani dawa? Zamani nilikuwa nayajibu kila moja kivyake. Sasa sithubutu, maana nimeshaona jibu la swali la kwanza linabadilisha la pili.

Stori yenyewe ni hivi. Ethan Winters anapokea ujumbe kutoka kwa mkewe, Mia, aliyepotea miaka mitatu. Anaendesha gari hadi Louisiana, Marekani, kwenye nyumba ya familia ya Baker iliyoko vinamasini. Anamkuta mke yupo hai, ila si yule aliyemuoa. Usiku haujaenda mbali, Mia anamkata Ethan mkono wa kushoto kwa chenso. Anayemsaidia ni Zoe, binti wa nyumba ile, kwa simu: nenda huku, tafuta hiki, tukipata viungo tutatengeneza dawa ya uovu uliotuingia mwilini. Dawa zinapatikana dozi mbili. Baba wa nyumba, Jack, anakuja amegeuka dubwana, na dozi moja inaishia kwake. Inabaki moja. Mwaloni, yaani kwenye gati, kuna boti, wanawake wawili wamesimama mbele yako, bomba la sindano ni moja.

Sasa sikiliza kilichotokea kibandani.

Sheria yetu ilikuwa aliyevaa ndiye anayeamua. Usiku wa uchaguzi miwani ilikuwa kichwani kwa kijana wa bodaboda, na kwa bahati ndiye aliyekuwa ameivaa pia usiku wa chenso. Kwenye TV, mkono ukikatwa unaona mkono wa mtu mwingine umekatwa. Ndani ya miwani mkono ule uko pale pale ulipotegemea wako uwe. Usiku ule wa kwanza kijana aliiachia pedi ikaanguka sakafuni, akakikamata kifundo chake cha kushoto kwa kiganja cha kulia, na hakukiachia mpaka tulipomletea maji. Benchi lilicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo alipofika mwaloni hakuchukua hata dakika.

"Aliyenikata mkono ndiye nimpe dawa?"

"Huyo ni mkeo, kaka!" benchi likalipuka.

"Mke gani! Huyu dada ndiye amenitoa kule ndani."

Akampa Zoe. Mia akaachwa mwaloni. Benchi la nyuma mtu akasema kwa sauti, "Bebe! Kwao hawakumfunda huyu?" Nikawatuliza. Dakika chache baadaye, boti ikiwa majini, Zoe akakauka na kugeuka kama jiwe la chokaa, akafa. Dozi imekwenda, aliyepewa amekwenda. Kuanzia hapo stori ikarudi kwenye njia ile ile ambayo ungeifuata kama ungemchagua Mia: meli mbovu, machimbo ya chumvi, nyumba. Tofauti kubwa ni kwamba huku inafika mahali Ethan anamuua mkewe kwa mikono yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mle kibandani kulikuwa na stori mbili. Picha inayoonekana kwenye TV inafuata kichwa cha aliyevaa. Akitazama kulia, benchi zima linatazama kulia. Kijana alipoona ni Mia na kwamba hakuna njia nyingine, aligeuza uso ukutani. Watu tisa waliokaa wiki mbili wakisubiri tukio lile walitazama ukuta wenye kutu, wanasikia sauti tu. "Geuka! Geuka tuone!" Hakugeuka. Alipovua miwani alitafuta funguo za pikipiki, akatoka bila kudai chenji yake.

Benchi likatoa hukumu: tumepigwa. Uchaguzi wa geresha. Ukimpa huyu au yule, meli ni ile ile, dubwana la mwisho ni lile lile, sasa tuliulizwa ya nini? Lalamiko hilo wachezaji duniani kote wamelisema tangu 2017, na kwa anayetazama kutoka benchini mimi silipingi. Mwisho wa Zoe, ukiutazama kama filamu, ni mbovu. Mtu aliyekusaidia usiku kucha anakufa bila hata kushukuru vizuri, mke anakufa, na hakuna mlango mpya uliofunguka. Fundi simu wa duka la pili alisema fadhila za punda mashuzi, na sijui nani kati yao wote alikuwa punda.

Ila yule kijana hakulalamikia uchaguzi hata siku moja. Nilipomuuliza wiki iliyofuata alizungumzia kitu ambacho benchi hawakukigusa kabisa: helikopta ya mwisho. Kunapambazuka, unanyanyuliwa kutoka nyumba ile, na Ethan amebaki peke yake. "Niligeuza shingo kumtafuta mtu," aliniambia. "Nikageuza upande wa pili. Hakuna." Kwenye TV tulichoona sisi ni kamera inayozungukazunguka, na mtu wa pembeni alikuwa anasema gemu imekwama.

Mzunguko wa pili alivaa dada wa duka la vocha na vifaa vya simu. Yeye alimchagua Mia, na sababu yake haikuwa na falsafa: "Nimetoka nyumbani kumfuata huyu, nirudi na mwingine niseme nini?" Mwisho wa Mia unakwenda sawasawa. Zoe anabaki nyuma na maneno machungu mdomoni, Mia anapigana na uovu ulio ndani yake, anamfungia Ethan nje ya meli ili asimdhuru, na kwenye helikopta unamkuta yupo hai. Benchi lilipiga makofi. Dada alivua miwani, akajifuta jasho puani, akasema "Afadhali," akaenda kufunga duka. Siku ya tatu alikuwa ameshaisahau. Kijana wa bodaboda mpaka leo nikimtania "shemeji hajambo?" ananitukana.

Ndiyo maana ushauri wangu unawashangaza wateja. Kama unatazama kutoka benchini, shinikiza Mia achaguliwe. Huo ndio mwisho ambao stori inaufuata mbele: kwenye Resident Evil Village ya 2021 Ethan na Mia wanaishi pamoja Ulaya na wana mtoto, Rosemary. Ukiwa umemuua Mia kwenye kibanda cha Nyakato, utaianza hiyo unajiuliza huyu kafufuka lini. Kama umevaa wewe mwenyewe, na una moyo, mpe Zoe. Kama stori ni mwisho dhaifu. Kama kitu kinachokupata wewe, kwenye shingo yako na macho yako, ni mkali kuliko ule mwingine, kwa sababu adhabu yake ni kiti kitupu, na kiti kitupu hakionekani vizuri kwenye TV ya inchi 43.

Kuna anayenibishia kwamba nampoteza mteja: atamaliza saa 10 za jasho apate uchungu tu. Ni kweli. Anayetaka kulala vizuri ampe Mia hata akiwa amevaa.

Jambo la meli nalitaja peke yake kwa sababu tuko Mwanza. Sehemu ndefu ya theluthi ya mwisho inapita ndani ya meli iliyovunjika: korido zimeinama, giza, vyumba vimejaa maji. Usiku mmoja mzee mmoja, jirani yetu, alikuja kuchukua simu aliyoiacha kwenye chaji. Vijana wakampisha benchini, "Shikamoo mzee, kaa basi," akakaa dakika kama tano hivi. Kisha akasimama. "Hiyo ya meli mimi siitazami," akasema, akachukua simu yake, akaaga vizuri. Hakuna aliyemuuliza. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikija hapa kutoka Bukoba, na wengi wa waliokufa wamezikwa Igoma, mwendo mfupi tu kutoka kibandani kwangu. Vijana wengi wa benchini walikuwa hawajazaliwa. Tangu usiku ule, mteja mwenye umri wa mzee yule nampa taarifa mapema: usiku wa meli usije, njoo kesho yake.

Wadudu, kwa upande mwingine, hawakumtisha mtu. Mama wa nyumba ile, Marguerite, anafuga makundi ya wadudu wanaokufunika uso, na najua huko kwingine watu wameivua miwani kwa hofu. Kwetu? Mawingu ya wadudu wa ziwani yakiingia jioni tunafunga mlango na kuendelea kula. Dada wa vocha aliwapungia mkono.

Sasa yule anayekuja mwishoni. Ethan anagundua kwamba bibi kizee wa kwenye kiti cha magurudumu, aliyekuwa akimkuta kila kona ya nyumba, ndiye Eveline, kisichana kilichotengenezwa maabara na kuiteka familia nzima. Anakuwa dubwana, sura yake inapasua nyumba. Hapa miwani na TV vinapishana kabisa. Kwenye TV ni pambano rahisi, karibu linajipiga lenyewe. Benchi lililozoea madubwana ya gemu za nyuma liliguna. Ndani ya miwani sura ile ina ukubwa wa ukuta wa nyumba, na bunduki inafuata unapoelekeza uso, kwa hiyo ili umpige huna budi umtazame. Kutazama pembeni ni kukosa. Sikumbuki mvaaji hata mmoja aliyesema pambano lile ni rahisi.

Kisha inashuka helikopta yenye nembo ya Umbrella, na mwanamume anayejitambulisha kwa jina la Redfield. Waliocheza gemu hizi tangu PS1 walisimama. Umbrella ndiyo adui wa miaka yote, na huyu Chris Redfield, shujaa wa gemu za nyuma, mbona sura si yake? Fundi simu aliapa ni tapeli. Wale wasiojua historia hawakuona tatizo lolote. Kwao ni mtu kaja kuokoa, ahsante. Kwa hiyo kama ni mgeni wa gemu hizi, huu mgogoro hautakuhusu, na kama ni mkongwe, jiandae kukasirika kwa muda. Majibu yapo kwenye nyongeza mbili zilizotoka siku moja, Desemba 12, 2017. Ya Chris, Not a Hero, ilitolewa bure. Ya pili, End of Zoe, ni ya kulipia, na ndiyo iliyowapatanisha watu kibandani: inachukulia kwamba ulimchagua Mia, na Joe, kaka wa Jack, anaingia vinamasini kwa ngumi zake kumtafutia Zoe dawa, na anaipata. Mwishoni Ethan anampigia Zoe simu. Ukiwa na pesa ya nyongeza moja tu, chukua hiyo. Yule kijana wa bodaboda aliitazama amesimama mlangoni, kofia ngumu mkononi, hakukaa.

Maana yake pia ni kwamba mwenye huruma na Zoe anapaswa kumkataa kwanza. Benchi lilipoligundua hilo kelele zilianza upya.

Kwa upande wa mwili. Kichefuchefu kipo, na hata wanaume hakiwaachi. Ukiwa kwenye pantoni ya Kamanga, mwili unayumba na macho yanaona sitaha imetulia. Kwenye miwani ni kinyume, macho yanaona unatembea na sikio la ndani linajua umekaa kitini. Ubongo haupendi yote mawili. Gemu ina mpangilio wa kugeuka kwa vipande badala ya kuzunguka polepole: uache hivyo, usijifanye jasiri. Anza na dakika 20, ukisikia jasho baridi shingoni vua, usisubiri. Waliosema "nitazoea tu" ndio nimewasafishia sakafu.

Joto ni tatizo ambalo wale wa nchi za baridi hawalizungumzii. Lenzi zinapata ukungu ndani ya robo saa. Njoo na tishu yako au kitambaa safi, na mimi nafuta kwa dawa kila anapobadilika mtu. Jingine ni mwanga. Miwani ile inafuatiliwa na kamera inayosoma taa za buluu zilizoko usoni mwake, na jua la saa kumi likipita mlangoni kamera inachanganyikiwa, dunia yote inateleza pembeni taratibu kama mtumbwi uliofunguka. Ndiyo maana tumetundika pazia la kitenge na ndiyo maana VR tunaanza saa moja usiku. Watoto siwaruhusu hata wakija na kaka zao: Sony wenyewe wanasema miwani ni kuanzia miaka 12, na gemu hii Ulaya imewekewa 18.

Umeme nao ni mtazamaji. Mzunguko wa pili ulikatika Ethan akiwa ndiyo kwanza amefika kwenye ile nyumba kwa mara ya mwisho. TV ikazima, feni ikazima, benchi likanung'unika na kuwasha tochi za simu. Dada alikuwa amekaa wima, pedi mkononi, kimya, anasubiri. Tulimwacha kidogo. Ilipita kama nusu dakika ndipo akauliza kwa sauti ndogo, "Ndiyo imeisha hivyo?" Hakuna kicheko kilichowahi kupasua kibanda kile kama kile cha usiku ule, na baada ya kicheko mtu mmoja akasema ungekuwa mwisho mzuri kuliko wa kwao. Nusu ya benchi ikakubali. Mimi pia, kidogo.

Wanaotaka kununua badala ya kuja kwangu: mtumba wa miwani ile ya kwanza unatosha, ila hakikisha unapewa kamera yake na kile kiboksi cha nyaya, kwa sababu bila hivyo ni pambo. Kwenye PS5 inafanya kazi ukiwa na adapta ya kamera. PlayStation VR2 ya Februari 2023 picha yake ni kali zaidi, lakini gemu za miwani ya zamani haizisomi, kwa hiyo Resident Evil 7 hutaivaa humo; utavaa Village, ambayo ina mwisho wake na ugomvi wake.

Kibandani kwangu benchi ni shilingi 500 usiku mzima, miwani ni 2,000 kwa nusu saa. Usiku wa mwaloni bei haipandi, lakini wahi, kiti cha mbele wanakishika tangu magharibi. Na kama utavaa wewe, tafadhali, chochote kitakachotokea kwa Mia, usigeuze uso ukutani. Kuna watu tisa nyuma yako.